Maktaba ya Chuo Kikuu, na Mtu Ajuaye Kuuliza

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za maktaba za vyuo vikuu, na mafunzo wapewayo wanafunzi na wachunguzi wa elimu, ambao siku hizi huitwa watafiti, ili wapate kuzitumia maktaba hizo kwa faida. Huenda mtu aliyeketi barazani kwake Ulyankulu akasema, "Habari hii yatuhusu nini sisi? Chuo kikuu kiko mbali, nasi tuna tumbaku ya kukausha na mizinga ya kurina." Twamwomba mtu huyo asizime redio bado. Tutamwonyesha ya kuwa sehemu ya mali iliyowekwa katika maktaba hizo ni mali yake mwenyewe, na ya kuwa mtoto wake aweza kuirudisha nyumbani, kama akifundishwa njia.

Kila mtu wa Tabora amesikia habari za wapagazi wa Kinyamwezi. Mpagazi alijitwika mzigo wa kadiri ya frasila mbili, akaenda nao mwendo wa miezi hata pwani. Pembe za ndovu zilishuka kwenda Bagamoyo, nguo na shanga zikapanda kuja bara. Lakini ulikuwako mzigo mwingine ambao watu hawakuufikiri sana, nao ni karatasi. Burton na Speke walifika Tabora mwaka 1857, wakaandika mengi waliyoyaona na waliyoyasikia. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, miezi kadhaa ya mwaka 1872. Mwaka mmoja kabla ya hapo, alipokuwa Nyangwe katika nchi ya Kongo, aliishiwa na karatasi na wino, akawa akiandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino uliotengenezwa kwa matunda ya mti. Majina ya watemi, bei za sokoni, visima, vita na njaa, yote hayo yaliandikwa, yakachukuliwa mabegani mwa watu hata pwani, yakavuka bahari. Basi njia ile ile iliyochukua pembe ilichukua na habari zetu pia. Pembe hazirudi tena. Habari zaweza kurudi.

Tena zimekwisha kuanza kurudi. Zile kurasa za Livingstone za mwaka 1871 zilikuwa zimefifia hata hazisomeki. Wataalamu wakazipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na maandiko yakaonekana tena. Mwaka 2011 yakawekwa katika intaneti, na mtu ye yote aweza kuyasoma bila kulipa kitu kwa mwenyewe. Mtu wa Kwihara mwenye simu aweza kuyasoma leo. Lakini je, ni wangapi wajuao ya kuwa yapo? Hapo ndipo penye shida yetu. Hazina i wazi, bali njia ya kuifikia haijulikani na wengi.

Sasa tutazame maktaba zenyewe. Zamani kijana wa Tabora aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kuiacha nchi yake. Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere katika nchi ya Uganda. Tanganyika ilipata chuo chake cha kwanza cha daraja hiyo mjini Dar es Salaam mwaka 1961, na mwaka 1970 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Mlimani, mwezi wa Novemba mwaka 2018, ilifunguliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa Uchina, yenye nafasi ya kuweka vitabu kadiri ya 800,000, na viti vya wasomaji zaidi ya 2,000. Chuo hicho kina pia fungu la vitabu na hati za Afrika ya Mashariki. Ndani yake zimo karatasi za Hans Cory, mtu aliyekusanya kwa miaka mingi habari za sheria na desturi za makabila ya Tanganyika, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwamo.

Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, iko maktaba ambayo kwa sheria ya mwaka 1991 ilifanywa kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Kwa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo peke yao, bali ni ya nchi nzima katika mambo ya kilimo. Na mtu asiyeweza kuacha shamba lake na watoto wake aweza kujiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho wanafunzi wake hujifunza wakiwa makwao. Chuo hicho kina kituo mjini Tabora.

Majumba hayo ni mazuri, lakini wazee walisema, "Penye miti hapana wajenzi." Mwanafunzi aweza kuingia katika nyumba yenye vitabu mia elfu, akatoka mikono mitupu, kwa sababu hakujua aanzie wapi. Tumewaona vijana wa namna hiyo. Huzunguka katikati ya makabati, huona haya kuuliza, kisha huenda zao kunakili maneno ya mwenzao. Si wavivu. Wengi wao walitoka katika shule zisizokuwa na chumba cha vitabu hata kimoja, wala hawakupata kufundishwa.

Katika misafara ya zamani alikuwako mtu aliyeitwa kirangozi, ndiye kiongozi wa safari. Yeye hakuwachukulia wenziwe mizigo yao yote, bali aliijua njia. Alijua kisima kipi kina maji wakati wa kiangazi, na ni mtemi gani adaiye hongo. Katika maktaba kirangozi ni mkutubi. Kazi yake si kulinda vitabu visiibwe tu. Kazi yake kubwa ni kumfundisha msomaji njia, hata siku moja msomaji aweze kwenda peke yake. Ndiyo sababu maktaba za vyuo vikuu huwapa mafunzo wanafunzi wapya wanapofika, na mafunzo mengine ya ndani zaidi huwapa wale waandikao kazi za shahada za juu. Tutaeleza mafunzo hayo kwa mfano.

Tuseme yupo kijana wa Ulyankulu aliyeingia chuo kikuu, naye ataka kuandika juu ya tumbaku. Amwendea mkutubi, asema, "Nataka vitabu vya tumbaku." Mkutubi hamkimbilii kabati. Kwanza amwuliza, "Wataka kujua nini juu ya tumbaku? Mbegu zake, bei yake, maradhi yake, au kuni za kuikaushia?" Kijana afikiri, akumbuka jinsi miti inavyopungua karibu na kijiji chao, ajibu, "Nataka kujua kuni za kukaushia tumbaku zinavyoumaliza msitu, na kama liko bani litumialo kuni kidogo." Hapo sasa pana swali. Hilo ndilo fundisho la kwanza, kwamba neno moja halitoshi kuwa swali. Mtu aendaye bila swali hupewa mzigo, asipewe jibu.

Fundisho la pili ni la majina. Kitu kimoja chaweza kuwa na majina mengi, na maktaba hukitambua kwa lile jina lililoandikwa tu. Mti tuuitao mninga, wataalamu huuandika Pterocarpus angolensis, wakitumia jina la Kilatini ili watu wa nchi zote wafahamiane. Atafutaye "mninga" peke yake atapata machache, na atafutaye kwa majina yote mawili atapata mengi. Miji nayo ni vivyo hivyo. Burton na Speke waliiita Tabora kwa jina la Kazeh, na Wajerumani waliandika Unyamwezi kwa herufi za kwao. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuandika kwanza katika karatasi majina yote ya kitu chake, ya Kiswahili, ya Kiingereza, ya kitaalamu na ya zamani, ndipo atafute. Hufundishwa pia ya kuwa katika mashini ya kutafutia, maneno mawili yanayokwenda pamoja hufungwa ndani ya alama za kunukuu, ili yasitawanyike.

Fundisho la tatu ni kujua mahali pa kitabu. Maktaba nyingi hufuata mpango wa hesabu uliotungwa na Melvil Dewey wa Marekani mwaka 1876, na nyingine hufuata mpango wa herufi wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika mpango wa Dewey, ufugaji wa nyuki hukaa katika 638, misitu katika 634.9, na historia ya Tanzania katika 967.8. Mtu akizijua namba zake huenda moja kwa moja kabatini. Tena kitabu cha kulia na cha kushoto mara nyingi humfaa pia, maana vitabu vya jambo moja huwekwa jirani.

Fundisho la nne ni kubwa kuliko yote, nalo ni kupima maneno. Si kila kilichopigwa chapa ni kweli, wala si kila kweli imeandikwa na mtu mmoja. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa kuwa Ulyankulu ni katika nchi aliyoitawala mtemi Mirambo hata alipofariki mwaka 1884. Mwaka 1871 Stanley alifika Tabora, akaingia vitani upande wa Waarabu kupigana na Mirambo, nao wakashindwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 Mirambo aonekana mnyang'anyi tu. Mwaka 1876 Stanley alikutana na Mirambo uso kwa uso, wakachanjiana udugu, na katika kitabu cha mwaka 1878 amwandika kama mtu mwungwana, mpole wa maneno, anayestahili heshima. Mtemi ni yule yule, na mwandishi ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mwandishi.

Mwanafunzi asiyefundishwa husoma kitabu kimoja akafunga shauri. Aliyefundishwa huuliza: Ni nani aliyeandika? Aliandika lini? Alikuwa upande wa nani? Aliyaona mwenyewe, au alisimuliwa? Kisha huwatafuta wengine. Atasoma Tippu Tip, mfanya biashara aliyeandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa kwake Unguja mwaka 1905. Atatafuta barua za wamisionari wa London waliokaa Urambo, ambazo zimewekwa katika chuo kikuu kimoja cha mji huo wa London. Tena atakwenda kuketi na wazee wa Ulyankulu wenyewe, awasikilize. Akiisha kuyaweka maneno hayo yote mbele yake, ndipo aweze kusema neno lake.

Leo fundisho hili lina haja zaidi kuliko zamani, maana intaneti imeleta ngano na makapi katika gunia moja. Wapo hata watu waendeshao majarida ya udanganyifu, ambao huchukua fedha za mtafiti na kupiga chapa cho chote apelekacho, bila wataalamu kukisoma kwanza na kukihukumu. Mkutubi humfundisha mtafiti kuwatambua watu hao kabla hajatoa fedha yake.

Fundisho la tano ni kuweka hesabu ya ulikopata. Methali yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kila asomapo, mwanafunzi huandika jina la mtungaji, jina la kitabu, mwaka, mahali kilipopigwa chapa, na ukurasa. Siku hizi ziko programu za kompyuta za kupangia habari hizo, kama Zotero, ambayo hailipiwi. Na atumiapo maneno ya mtu mwingine, hana budi kumtaja. Kuyatwaa maneno ya mtu na kuyaita yako ni wizi, na vyuo vina mashini za kulinganisha maandiko. Mtu aweza kunyimwa shahada kwa ajili ya kosa hilo, baada ya wazazi wake kuuza mazao ya miaka mitatu ili kumlipia ada.

Huenda msikilizaji akauliza, "Je, elimu ya kuuliza kabla ya kutenda yaokoa nini hasa?" Na akumbuke karanga. Mwaka 1947 kazi kubwa ya kulima karanga kwa mashini ilianzishwa na serikali ya Uingereza katika Tanganyika, huko Kongwa, Nachingwea na Urambo. Mvua na udongo havikuchunguzwa vya kutosha, na mashini nyingi hazikuifaa kazi ile. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na fedha iliyopotea ilikuwa kadiri ya pauni milioni 36. Waliouanzisha hawakuwa watu wajinga, lakini walikuwa na haraka ya kulima kuliko ya kuuliza. Mkulima wa Ulyankulu hana pauni milioni 36 za kupoteza. Ana shamba moja na msimu mmoja.

Sasa tuseme habari ya umbali. Zamani aliyekaa mbali na maktaba alikuwa hana maktaba. Siku hizi sehemu kubwa ya majarida ya elimu husomwa kwa kompyuta au simu. Upo mpango wa mataifa uitwao Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya, kisha ukaongezwa kilimo, mazingira na mambo mengine. Kwa mpango huo vyuo na hospitali za nchi zisizo tajiri husoma majarida ya bei kubwa bure, au kwa malipo kidogo. Mwanafunzi hupata ruhusa hiyo kwa njia ya maktaba ya chuo chake, naye hupewa neno la siri. Na ziko ghala za maandiko za vyuo vyenyewe, kama ile ya Chuo cha Sokoine, ambamo kazi nyingi za wanafunzi wa shahada za juu husomwa bila malipo. Hizi hazihitaji neno la siri.

Twajua shida zilizopo. Umeme hukatika, mtandao ni dhaifu, na kifurushi cha simu kina bei. Kwa hiyo mwanafunzi wa mbali hufundishwa akiba. Akifika Tabora mjini penye mtandao mzuri, na ashushe maandiko yake yote kwa siku moja, ayaweke katika simu, kisha ayasome nyumbani polepole. Na aandike orodha ya maswali yake kabla ya safari, ili siku isipotee. Tena asione haya kumwandikia mkutubi au kumpigia simu. Kuuliza si ujinga.

Limebaki neno moja, nalo ni la wanakijiji wote. Katika Ulyankulu wako watu wengi ambao wazee wao walikimbia kutoka Burundi mwaka 1972. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania iliwapa uraia watu kadiri ya 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Katika miaka yote hiyo watafiti wamekuja katika makazi hayo, wa nchi hii na wa ng'ambo, wakauliza juu ya vita, mashamba, maji, tumbaku na ndoa. Watu wakaacha kazi zao wakawajibu. Kisha wageni wakaenda zao, na wengi wa waliojibu hawakuona hata ukurasa mmoja wa yale yaliyoandikwa juu yao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika siku za misafara, mzigo hutoka wala haurudi.

Basi mtafiti akija kwenu, mpokeeni kwa heshima, mtazame kibali chake, kisha mwulizeni maneno matatu. Kazi yako itawekwa katika maktaba gani? Twaweza kuisoma bila malipo? Na je, utarudi kutueleza uliyoyaona, kwa lugha tuifahamuo? Mtafiti aliyefundishwa vema hatachukizwa na maswali hayo, kwa maana yeye mwenyewe alifundishwa ya kuwa kurudisha habari ni sehemu ya kazi yake. Nanyi mlio na mtoto chuoni, akija likizo msimwulize habari za mitihani tu. Mwulizeni, "Huko maktabani umeona nini kilichoandikwa juu yetu?" Kama hana jibu, mtumeni alitafute. Na wanafunzi wa shule, ninyi anzeni sasa kuandika swali moja kila juma katika daftari, na kulitafutia jibu katika vitabu viwili, wala si kimoja.

Mpagazi wa zamani alitembea miezi kupeleka mzigo wa mtu mwingine pwani. Mjukuu wake aweza kuurudisha mzigo ulio wake mwenyewe, naye hahitaji mabega ya nguvu, ila swali lililo wazi na mtu wa kumwonyesha njia.